John Hurt Hakuwahi Kupotea

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza gitaa wakisema wanataka blues, jina wanalolijua ni la B.B. King, gitaa la umeme mkononi na bendi nzima nyuma yake. Sina ubishi na King. Lakini somo la kwanza mimi huanza na mzee mwingine, mkulima, anayeimba kwa sauti ya chini kana kwamba msikilizaji wake ameketi naye barazani. Nawasha rekodi, nanyamaza. Baada ya muda kijana huuliza anayepiga gitaa la pili ni nani. Hakuna gitaa la pili. Ni mtu mmoja, gitaa kavu moja na vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Jina lake John Smith Hurt. Wauza santuri walimbandika jina la jimbo lake ili biashara iende, akawa Mississippi John Hurt, na ndivyo anavyojulikana hadi leo. Mimi nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimekaa jukwaa moja na wapigaji wa kasi, na wengine wa makelele, na bado huyu mzee ndiye ninayemrudia. Nataka kueleza maisha yake kwa sababu mara nyingi husimuliwa kombo. Husimuliwa kama hekaya ya mtu aliyepotea miaka 35, kisha akatokea kijana wa mjini akamwokota. Hurt hakupotea hata siku moja. Alikuwa kwake, analima, na majirani wote walijua anapokaa. Waliopoteza habari zake ni wenye kampuni ya santuri, na hao hawakuwa wakimtafuta.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 huko Teoc, wilaya ya Carroll, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikulia kijiji cha jirani kiitwacho Avalon. Utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1865, hata miaka 30 ilikuwa haijatimia. Avalon ipo pale vilima vinapokoma na tambarare ya Delta inapoanza, nchi ya pamba kila unapotupa jicho. Watu Weusi wengi wa pale hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la mwenye nalo, wakichukua mbegu, nyumbu na unga kwa mkopo. Msimu ukiisha mavuno yanagawanywa: mwenye shamba anachukua fungu lake, anakata na deni, na daftari la hesabu analo yeye. Familia nzima inaweza kuinama mwaka mzima shambani na mwisho wake ikaambiwa bado inadaiwa. Hurt aliacha shule angali mtoto akaenda kushika jembe.

Gitaa lilimfikia kupitia uchumba wa watu wengine. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akimfuatilia mwalimu wa shule ya pale, na alikuwa akilala kwa akina Hurt, gitaa lake pembeni. Mtoto hakuruhusiwa kuligusa. Usiku mgeni akishapitiwa na usingizi, John analinyemelea, analichukua, anajaribu. Mama yake akaona hili si la mchezo, akamnunulia gitaa lake kwa dola moja na nusu. Alikuwa na miaka tisa hivi. Hakupata mwalimu. Uzeeni alipoulizwa alijifunza vipi, jibu lake lilikuwa kwamba alilipiga mpaka likatoa sauti aliyoona linapaswa kutoa.

Sauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Shika C. Kidole gumba cha kulia kinapiga uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa sita, kisha wa nne tena, halafu kinaanza upya. Pigo baada ya pigo, hakisiti, hakiharakishi, hakisikilizi mwimbaji anasema nini. Hiyo ndiyo besi, na ndiyo ngoma pia. Wakati huohuo kidole cha shahada na cha kati vinatafuta wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Siri ni kwamba noti za juu haziangukii pamoja na gumba kila mara. Nyingi zinaingia katikati, gumba likiwa limetoka uzi mmoja na halijafika mwingine, na hapo ndipo mguu wa msikilizaji unapoanza kucheza wenyewe. Kidole cha pete na cha mwisho Hurt aliviegemeza juu ya ubao wa gitaa, vikashika mkono usiyumbe. Wimbo unaotoka kwenye nyuzi hizo nyembamba ni uleule anaouimba kwa mdomo. Mara kwa mara analiacha neno la mwisho la mstari bila kulitamka, na gitaa linalimalizia.

Kwa maelezo inaonekana rahisi. Mwanafunzi akijaribu, gumba lake hufuata vidole vingine: wimbo ukisimama kidogo, besi nayo inasimama, na kila kitu kinaanguka. Dawa ninayoijua ni moja. Piga gumba peke yake, bila noti yoyote juu, mpaka uweze kuitikia salamu ya mtu anayepita huku linaendelea. Ndipo uongeze noti moja tu. Kisha ya pili. Anayekimbilia wimbo mzima kabla gumba halijawa huru nitamrudisha nyuma tena na tena, na wengine hunikasirikia.

Msikilizaji wa huku kwetu akisikia upigaji huo humkumbuka Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, na wimbo wake "Masanga" uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Bosco alitumia gumba na shahada, na mpangilio wake wa mapigo ni mwingine kabisa. Hawakufundishana. Ila wote wawili walifikia kwenye jambo lilelile, mtu mmoja kujitosheleza na gitaa moja bila bendi, na wote wawili walipiga kwa ajili ya walio mbele yao. Mwaka 1969 Bosco alialikwa kwenye tamasha la Newport huko Marekani, jukwaa ambalo Hurt alikuwa amelipanda miaka sita kabla. Hurt hakuwa hai tena. Natamani sana wangekutana.

Turudi Avalon. Hurt alipiga kwenye dansi za majumbani Jumamosi usiku, meza zikisogezwa ukutani, watu wakicheza mpaka alfajiri. Alipiga kwa Weusi na kwa Wazungu. Sheria na desturi za jimbo ziliwatenganisha watu hao shuleni, kwenye treni, hospitalini na hata makaburini, lakini dansi ilihitaji mpiga gitaa, na mpiga gitaa mzuri alikuwa yeye. Wakati mwingine alimsindikiza mpiga fidla Mzungu wa hapohapo Carroll, Willie Narmour, pale mwenzake wa kawaida, Shell Smith, asipokuwepo. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi na kampuni ya Okeh, alimtajia mtu wa kampuni, Tommy Rockwell, jina la Hurt. Rockwell akaenda kumsikiliza nyumbani kwake.

Februari 1928 Hurt akasafiri kwenda Memphis. Alirekodi nyimbo nane, kampuni ikatoa mbili, "Frankie" na "Nobody's Dirty Business". Alivyoisimulia siku hiyo baadaye ndivyo ninavyopenda kuwaeleza vijana wanaodhani studio ni starehe. Aliingizwa kwenye ukumbi mkubwa mtupu, wakiwamo yeye, Rockwell na fundi mitambo tu. Akakalishwa kitini, maikrofoni ikasogezwa karibu kabisa na mdomo wake, na walipopata mahali inapofaa wakamwambia asitikisike. Kichwa kikae palepale. Alikuwa na wasiwasi mkubwa, na shingo ilimuuma siku kadhaa. Mtu aliyezoea watu wakicheza mbele yake, sasa anaambiwa aimbe kama sanamu. Ukiisikiliza "Frankie" ya siku ile huwezi kujua. Gumba linakimbia kama kawaida.

Desemba mwaka huohuo Okeh wakamwita New York, dola 20 kwa kila wimbo utakaokubaliwa, na gharama za safari juu yao. Kwa mkulima wa pamba hiyo ilikuwa fedha ya kushikika. Ilikuwa pia karibu na Krismasi, mji mgeni, baridi, na mke yuko mbali. Huko New York aliimba wimbo kuhusu kijiji chake, "Avalon Blues", kwamba Avalon ni kwao na haimtoki moyoni. Alikuwa amekumbuka nyumbani, akasema hivyo. Wimbo huo ndio uliokuja kumleta mtu mlangoni kwake miaka 35 baadaye, lakini siku ile ulikuwa upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi, basi.

Zilizobaki kutoka mwaka ule wa 1928 ni nyimbo 13. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, watu wakakosa fedha ya chakula sembuse ya santuri, na kampuni zikaacha kutafuta waimbaji wa mashambani. Okeh hawakumwita tena. Hurt akarudi kwenye maisha ambayo kwa kweli hakuwa ameyaacha. Alilima, akachunga ng'ombe wa mwenye shamba, akafanya vibarua vilivyopatikana. Hata kabla ya kurekodi aliwahi kufanya kazi ya reli kwa miezi kadhaa, na ni huko alikoupata kwa mpiga nyundo mmoja wimbo wa wajenzi wa reli anaouita "Spike Driver Blues". Na jioni alipiga gitaa. Mkewe Jessie alikuwepo, watoto na wajukuu walikuwepo, majirani walikuwepo.

Hapa ndipo wengi wanaosimulia habari zake huruka. Miaka 35 kwao ni pengo tupu. Kwangu mimi huo ndio mwili wa maisha yake. Mwanamuziki ni mwanamuziki hata kama hakuna mtambo wa kurekodi mbele yake. Hapa nchini nimewajua wapigaji wa ngoma na wa zeze ambao hakuna redio iliyowahi kuwatangaza, na harusi za wilaya nzima haziendi bila wao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia amepotea atakuuliza: amepotea kutoka wapi?

Santuri zenyewe, hata hivyo, zilikuwa na safari yake. Mwaka 1952 mkusanyaji mmoja, Harry Smith, alitoa kupitia kampuni ya Folkways mkusanyiko wa rekodi 84 za zamani za watu wa mashambani, Weusi na Wazungu wamechanganywa bila kutajwa rangi zao. Ndani yake Hurt alikuwa na mbili, "Frankie" na "Spike Driver Blues". Vijana wa mijini waliopenda muziki wa kale waliusikiliza mkusanyiko ule kwa bidii ya wanafunzi wa chuo. Wengi walidhani wote waliomo wameshakufa. Kisha nakala ya "Avalon Blues" ikamfikia Richard Spottswood, mkusanyaji wa santuri wa eneo la Washington, naye na rafiki yake Tom Hoskins wakasikia mwimbaji anataja kwao. Ramani za wakati ule hazikuwa na Avalon. Atlasi ya mwaka 1878 ilikuwa nayo, kati ya Greenwood na Grenada.

Hoskins akaendesha gari mpaka huko mapema mwaka 1963. Akasimama kwenye duka la kijiji akauliza. Aliyekuwa pale hakuhitaji hata kufikiri: fuata barabara ile, sanduku la barua la tatu, juu ya kilima. Ndiyo hiyo "siri" ya miaka 35.

Mlangoni mambo hayakuwa mepesi, na ni lazima ueleweke wakati wenyewe. Greenwood, mji usio mbali na pale, mwaka ule ulikuwa moto. Vijana wa harakati za haki za Weusi walikuwa wakiwaandikisha watu kupiga kura, na Februari mmoja wao, Jimmy Travis, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari. Kijiji cha Money, ambako mwaka 1955 mtoto wa miaka 14, Emmett Till, alitekwa kabla ya kuuawa, nacho ni jirani. Juni 1963 mwanaharakati Medgar Evers angeuawa mbele ya nyumba yake mjini Jackson. Sasa Mzungu usiyemjua, kutoka mji mkuu wa nchi, anasimama uani kwako anakutaja jina. Hurt alidhani ni mtu wa polisi au wa FBI, akamwambia amekosea mtu, yeye hakufanya ubaya wowote. Nampenda zaidi kwa jibu hilo. Ni jibu la mtu anayeijua nchi yake.

Hoskins alikuwa amekuja na gitaa lake, maana Hurt kwa wakati huo hakuwa na la kwake. Akamwomba apige. Vidole vilikuwa vizito kwa siku za mwanzo, kazi ya shambani ilikuwa imevikomaza, lakini gumba lilikuwa palepale. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo na kupata joto ambalo rekodi za 1928 hazina.

Julai mwaka huohuo alipanda jukwaa la Newport mbele ya maelfu ya vijana, mzee wa miaka 70 na kofia yake ya kahawia, akapiga vilevile alivyokuwa akipiga nyumbani. Hakupandisha sauti. Watu ndio walioshusha zao. Wale wa Newport walipomwambia achague gitaa atakalonunuliwa, alichukua Guild F-30, gitaa zuri lisilo na madoido. Alirekodiwa pia kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Akahamia Washington na Jessie na wajukuu, akawa anapiga kwenye mkahawa wa Ontario Place, akazunguka vyuoni, akaonekana kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Albamu yake "Today!" ilitolewa na kampuni ya Vanguard mwaka 1966.

Hakuwa mzee pekee wa blues kutafutwa hivyo. Mwaka huohuo wa 1963 vijana wawili walimpata Bukka White kwa kuandika barua kwenda Aberdeen, Mississippi, mji alioutaja kwenye wimbo wake. Mwaka 1964 wakapatikana Skip James, akiwa hospitalini Tunica, na Son House, aliyekuwa akiishi Rochester, mbali kabisa kaskazini. James alikuwa mtu mchungu, mwenye kiburi cha msanii aliyejua thamani yake na hakusahau alivyotupwa, na sauti yake nyembamba inatisha. House alikuwa mzito, kila wimbo kama anang'oa mti. Hurt alikuwa mpole. Upole huo umewafanya baadhi ya wasikilizaji wamchukulie kama babu wa hadithi za watoto, na hapo wanakosea. Sikiliza anachoimba. "Frankie" ni mwanamke anayempiga risasi mpenzi wake. "Stack O'Lee" ni muuaji. "Louis Collins" ni maziko ya kijana aliyeuawa na kilio cha mama yake. Kuna nyimbo zake za kanisani, na kuna "Candy Man" ambayo haihusu peremende, kila mtu mzima anaelewa. Yote hayo anayasema kwa sauti ileile ya barazani, bila kumnyooshea mtu kidole. Mimi sijui njia ya kuimba juu ya kifo inayouma zaidi ya hiyo.

Nadhani pia ndiyo sababu alipendwa na waimbaji wenzake. Tom Paxton alimtungia wimbo. Bendi ya vijana wa New York iliyovuma sana miaka ile, The Lovin' Spoonful, ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo wake "Coffee Blues". Kizazi kizima cha wapigaji wa gitaa kavu Marekani na Uingereza kilijifunza gumba kwake, wengine kwa kuketi naye, wengine kwa kuirudisha sindano ya santuri mara kwa mara.

Fahari ya mjini haikumshika. Alirudi Mississippi, akakaa Grenada, na huko ndiko alikofariki tarehe 2 Novemba 1966, baada ya miaka mitatu ya umaarufu. Alizikwa porini karibu na Avalon. Nyumba yake ya mbao ilitunzwa na mjukuu wake pamoja na wengine ikawa makumbusho, wapigaji gitaa wakawa wanakwenda kuketi varandani na kupiga. Februari 2024 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Habari hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa katikati ya somo, na somo siku hiyo halikuendelea.

Anayetaka kumsikia aanze na zile 13 za mwaka 1928, zimekusanywa pamoja na zinapatikana mtandaoni, kisha aende "Today!" ya mwaka 1966. Azisikilize zote mbili kwa kuzilinganisha. Kijana wa 1928 anakwenda kasi, mzee anatembea, na noti zinapata nafasi ya kupumua. Na anayetaka kumpiga, si kumsikiliza tu, asianze na "Candy Man", vidole vitamkwama. Mimi huanza na "Spike Driver Blues". Inakaa kwenye G kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mkono wa kushoto hauna kisingizio, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye gumba la kulia. Lipige polepole kuliko unavyotamani. Likishatulia, ongeza kasi mpaka ifanane na ya mpiga nyundo anayejenga reli, si zaidi ya hapo.